Praha siku moja na watoto na Bibi, mwezi Desemba: hesabuni saa kwa jua

Dada uliyeuliza: umesema mnakuja Ulaya Desemba, mna watoto wawili na mama mkwe, mna siku moja tu ya Praha, mji mkuu wa Ucheki, na unaogopa baridi isije ikawaharibia. Nimesoma majibu ya waliotangulia. Wengi wamekutajia sehemu kumi, kumi na mbili za kwenda. Nakusihi usijaribu kuzimaliza. Sisi tulikwenda na familia ya namna hiyo hiyo, tarehe 22 Desemba, na tulirudi na furaha kwa sababu tulipunguza. Nitakueleza tulivyoiendesha siku yenyewe, tulipopatia na tulipokosea.

Tulikuwa watano. Mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka tisa, mdogo wake wa miaka minne, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Tunaishi Dresden, Ujerumani. Kutoka hapo mpaka Praha ni safari ya treni ya zaidi kidogo ya saa mbili, ikifuata mto Elbe, ambao ukishavuka mpaka Wacheki wanauita Labe. Viza ya Schengen ya mama ilitosha kwa nchi zote mbili, ila bebeni pasipoti zenyewe, msitegemee nakala, maana polisi huweza kupanda treni karibu na mpaka na kukagua.

Kwanza kisa cha usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ndicho kilichokuja kuibeba siku nzima. Bibi alimwambia mjukuu wake, "Nitegee simu iniamshe saa kumi na moja na nusu." Mtoto akatega 11:30. Bahati nzuri mimi nilikuwa macho. Binti yangu amezaliwa huku, Kiswahili anakisema vizuri, lakini saa za Kiswahili zilikuwa zimemshinda. Bibi akisema saa mbili asubuhi, yeye anaiona namba 2 kwenye simu, anashangaa mbona watu wanaamka usiku wa manane. Tangu Bibi afike walikuwa wanapishana hivyo kila siku, mpaka mtoto akaanza kusema, "Bibi, sema saa za kawaida." Mama hakumjibu. Alikuja kuniambia jikoni, taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto hana saa za kwao." Lile neno liliniingia.

Sasa baridi. Siku hiyo ilikuwa digrii mbili chini ya sifuri, hakuna upepo, theluji nyembamba imeganda kando ya barabara. Hiyo ni baridi ya kawaida na inavumilika, mradi miguu iwe salama. Kosa letu lilikuwa hapo hapo kwenye miguu. Nilimvisha mdogo soksi mbili nene ndani ya buti zinazomkaa sawasawa, nikidhani nimemkinga. Kumbe soksi ya pili iliubana mguu ndani ya kiatu, hewa ikakosa nafasi, na hewa ile ndiyo inayotunza joto. Kabla ya saa tano alikuwa analia vidole. Tulimvua soksi moja, tukampaka mafuta, tukamkanda miguu kwa viganja, na ndani ya dakika chache akatulia. Kwa hiyo chukua buti kubwa namba moja zaidi, soksi moja ya sufu, na soli nene, kwa sababu mji mkongwe wote umetandikwa mawe na baridi ya mawe inapandia chini. Bibi tulimvisha suruali ya sufu ndani ya dera, koti refu, na ushungi wa sufu juu ya ule wa kawaida. Hakulalamika hata mara moja, isipokuwa pua.

Jua ndilo la kupanga nalo zaidi kuliko hata baridi. Tarehe 22 Desemba Praha jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni na dakika mbili tatu. Yaani mwanga wote wa siku ni kama saa nane hivi. Sisi tulifika stesheni kuu saa tatu na nusu, saa moja na nusu ya mwanga imeshaondoka. Ukianza na foleni ya kupanda mnara, kisha jumba la makumbusho, kisha chakula cha kukaa, unatoka nje unakuta giza, na mji wenyewe hujauona.

Pale stesheni, kabla hamjatoka, nendeni jukwaa namba 1. Kuna sanamu ya shaba ya mwanamume amebeba mtoto mkononi, pembeni yake mtoto mwingine amesimama, na sanduku la safari liko chini. Ni Nicholas Winton, Mwingereza aliyesaidia kuwatoa watoto 669, wengi wao Wayahudi, kwa treni kutoka hapo mwaka 1939 kabla ya vita. Binti yangu alisoma, akaniuliza wazazi wao walipanda treni gani. Nilimwambia ukweli kwamba wengi wa wazazi hawakupanda. Alikaa kimya, akamshika mdogo wake mkono mpaka tulipotoka nje.

Kutoka stesheni ni mwendo mfupi mpaka uwanja mrefu unaoitwa Václavské náměstí, na hapo ndipo Bibi alipochangamka. Upande wa chini wa uwanja kuna ghorofa la vioo, limeandikwa kwa herufi nyekundu: Baťa. Mama alisimama. "Bata hii hii?" Hii hii, mama. Tomáš Baťa alianzisha kiwanda chake mwaka 1894 katika mji wa Zlín, huku huku Ucheki, pamoja na kaka yake na dada yake. Viatu vyeusi vya shule tulivyovaa sisi, na kile kiwanda cha Limuru ambacho watu wengi Kenya wanakiona ni chao tangu mwanzo, asili yake ni huku. Mama alisimulia kwamba marehemu babu alimnunulia jozi ya kwanza ya Bata alipofaulu kuingia darasa la tano, na akalala nazo kando ya mto ili asiibiwe. Mimi mwanawe nilikuwa sijawahi kukisikia kisa hicho. Tulinunua soli za sufu za watu wote watano, tukavaa humo humo dukani.

Halafu tukaenda kwenye saa. Wengi wamekutajia ile saa ya mji mkongwe, Orloj, wakakuambia ni vikaragosi vya dakika moja, usipoteze muda. Hapo siafikiani nao kabisa.

Saa yenyewe iko kwenye ukuta wa kusini wa jumba la zamani la baraza la mji. Sehemu zake za kale kabisa ni za mwaka 1410. Kwa karne nyingi watu walisimulia kwamba aliyeitengeneza ni fundi mmoja anayeitwa Hanuš, na kwamba wakubwa wa mji walimpofusha macho asije akatengeneza nyingine kama hiyo kwingine. Watoto wanaipenda hadithi hiyo, nami nimewasimulia. Lakini karatasi za kale zilizogunduliwa baadaye zimeonyesha kwamba waliohusika ni fundi saa Mikuláš wa Kadaň na mwanachuoni wa nyota Jan Šindel. Iliharibika vibaya Mei 1945, mizinga ya Wajerumani ilipolipiga jumba lile na moto ukala sanamu za mitume, ikarudishwa kazini mwaka 1948.

Kila inapogonga saa, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano usiku, sanamu ya mifupa ya mtu iliyosimama pembeni inavuta kamba ya kengele kwa mkono mmoja na kupindua chupa ya mchanga kwa mkono mwingine. Wale sanamu wengine watatu, mwenye kioo, mwenye mfuko wa fedha na mwenye zeze, wanatikisa vichwa kukataa. Madirisha mawili yanafunguka juu, mitume wanapita mmoja mmoja, yanafungwa, jogoo wa dhahabu anawika kwa sauti iliyokauka, ndipo kengele kubwa inagonga. Mdogo alimuuliza Bibi kwa nini mifupa inapiga kengele. Bibi akamwambia, "Inawaambia watu muda umefika, na wao wanasema bado."

Baada ya hapo umati ukatawanyika. Nakushauri ubaki hapo hapo wenzio wakiondoka, kwa sababu saa yenyewe sasa ndiyo inaonekana.

Mume wangu ni fundi mitambo, na alikuwa ameisoma kabla. Akawaonyesha watoto kwa kidole. Uso wa saa una duara la nje kabisa, jeusi, lenye namba za dhahabu za mwandiko wa kale kuanzia 1 mpaka 24. Namba 4 yake imefungwa kama kitanzi, binti yangu alidhani ni herufi. Duara hilo halitulii mahali pamoja, linasogezwa mwaka mzima kufuata machweo, kwa sababu zile ndizo saa za Wacheki wa zamani, na wao walianza kuhesabu siku pale jua lilipozama. Jua likizama, 24 zimekamilika. Saa nzima baadaye, ni moja.

Mama yangu alikuwa anatafsiriwa nusu nusu. Aliposikia hilo akasogea mbele. "Rudia, baba." Mume wangu akarudia. Mama akamgeukia mjukuu wake: "Unasikia? Jua likizama wanaanza moja. Sisi jua likizama ni saa kumi na mbili, ikifuata ni saa moja usiku. Hesabu ni ile ile. Na sisi siku yetu inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua."

Binti yangu akaangalia akrabu ya saa, kile kiganja cha dhahabu mwisho wa mshale, kimekaa kwenye 19. Ilikuwa ndiyo kwanza imegonga saa tano asubuhi. Akauliza, "Sasa hii ni 19 ya nini?" Baba yake akamwambia ahesabu mwenyewe tangu jua la jana lilipozama, saa kumi jioni. Akahesabu kwa vidole ndani ya glovu, akakosea, akaanza upya, akafika kumi na tisa. Nilimwona uso unafunguka.

Lakini bado kulikuwa na jingine, na hilo ndilo lililommaliza Bibi. Katikati ya uso wa saa, sehemu ya mchana imepakwa buluu, na ndani yake imekatwa kwa mistari ya dhahabu iliyopinda, yenye namba 1 mpaka 12. Hizo ni saa za aina nyingine, za kale zaidi. Unachukua mchana wote, tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, uwe mrefu uwe mfupi, unaugawa mafungu kumi na mawili. Jua linapochomoza unaanza moja, likiwa utosini umefika sita, likizama umemaliza kumi na mbili. Sita ni adhuhuri daima, kiangazi na kipupwe.

"Saa sita mchana," binti yangu akasema kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwambia aseme.

Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akambusu juu ya kofia.

Sisi watu wa karibu na ikweta hatuhitaji mistari iliyopinda, kwa sababu mchana wetu ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja ni saa moja. Praha ni tofauti. Siku kama ile, ukigawa mchana wa saa nane mafungu kumi na mawili, kila fungu lina dakika 40 tu. Mwezi wa Juni fungu hilo hilo linapita dakika 80. Fundi wa 1410 aliliweka hilo ukutani kila mtu alione. Na hapo ndipo mume wangu alipotoa wazo: tuiendeshe siku kwa saa hizo za dakika 40. Kila kituo fungu moja. Likiisha, tunaondoka, na tukitoka kwenye baridi tunaingia kwenye joto. Dada, huo ndio ushauri wangu mkubwa kwako. Mtoto wa miaka minne anavumilia dakika 40 nje akiwa na buti nzuri. Mtu mzima mwenye magoti yanayouma anavumilia hizo hizo. Zaidi ya hapo wote wanaanza kununa, na wewe unaanza kuwafokea.

Fungu la kwanza la joto tulilitumia maktaba ya mji, Mariánské náměstí, dakika chache tu kutoka kwenye saa. Ukumbini kuna mnara wa maelfu ya vitabu uliojengwa na msanii Matej Krén, una tundu la kuchungulia, na ndani kuna vioo juu na chini, kwa hiyo vitabu vinaonekana kama kisima kisicho na mwisho. Watoto walichungulia mpaka nikahofia nyuma yao kuna foleni. Bibi alipata kiti kwenye pembe tulivu. Akaniuliza magharibi ni saa ngapi, nikamwambia saa kumi na kitu. Hakuamini, nikamwonyesha kwenye simu. Jua la huku Desemba linakusanya swala karibu karibu, adhuhuri ikiingia alasiri haiko mbali, na magharibi hiyo inafuata. Adhuhuri ilipoingia akachukua ruhusa ya msafiri, akaziswali adhuhuri na alasiri pamoja, amekaa kitini, na hakuna aliyemsumbua. Hapo tulikaa zaidi ya fungu letu na sikujuta.

Chakula kisikusumbue kichwa. Soseji za vibandani nyingi ni nguruwe, na supu nyingi hata za mboga zina mchuzi wa nyama, ulizeni. Sisi tulikula jibini ya kukaanga, smažený sýr, na viazi. Inashiba na inapasha mwili. Kinywaji cha moto cha kwenye masoko ya Krismasi kwa kawaida ni mvinyo, hata kikinukia mdalasini na karafuu, kwa hiyo waagizieni watoto chokoleti ya moto. Ule mkate wa kuzungushwa kwenye makaa na kupakwa sukari, trdelník, ni mtamu, ingawa wenyeji watakuambia si chakula cha kale cha Praha kama mabango yanavyodai. Fedha ni koruna. Lipeni kwa kadi kila inapowezekana, na msibadilishe euro kwenye vibanda vya mtaani hata kama vimeandika hakuna ada. Mkishabadilisha mkaona mmepunjwa, rudini na risiti ndani ya muda wa saa tatu, sheria ya Ucheki inawaruhusu kufuta.

Tukiwa tunaelekea kituo cha tramu, pembeni mwa barabara tukakuta mapipa makubwa ya plastiki ya buluu yamejaa maji, na ndani yake samaki hai. Hii ni kapr, samaki wa maji baridi wa kwenye mabwawa, wengi wanatoka upande wa Třeboň kusini mwa nchi. Wacheki wanamla jioni ya tarehe 24, na siku chache kabla yake anauzwa hivyo mitaani. Wengine humnunua akiwa hai, wakamweka kwenye bafu nyumbani mpaka siku ifike, na watoto wanampa jina. Mama yangu ameuza samaki Tanga miaka mingi. Aliinamia pipa kama amefika kazini. Muuzaji, mwanamke wa makamo, aproni ya mpira, mikono mitupu na mekundu kwa baridi, alichota mmoja kwa wavu wa mpini, akamweka kwenye mizani, akampiga kwa nyundo ya mbao, akaanza kumparua. Mama alitazama kisu, akatikisa kichwa kidogo, akaonyesha kwa mkono wake: anzia mkiani, ulaze kisu. Yule mama akacheka, akajaribu, akaitikia kwa kichwa. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Mwishoni akachukua magamba matatu makubwa, kila moja kama sarafu, akayaosha, akamfungia binti yangu kwenye karatasi. Mteja mmoja aliyejua Kijerumani akatueleza kwamba gamba huwekwa kwenye pochi ili fedha zisiishe mwakani. Bibi alisema yeye hategemei gamba, ila amelipokea kama zawadi, na alikwenda nalo Tanga.

Tramu tuliyoipanda ni namba 22, na hapa ndipo tulipokosea kwa fedha. Nilinunua tiketi za karatasi, nikaziweka mfukoni nikijua nimeshalipa. Tiketi hizo lazima uzigonge kwenye kiboksi cha njano ukipanda, ndipo zinaanza kuhesabu. Vituo viwili mbele wakapanda wakaguzi wawili waliovaa nguo za kawaida, wakatoa beji. Nilieleza kwa Kijerumani na Kiingereza, haikusaidia, nikalipa faini. Kosa lilikuwa langu. Gongeni tiketi mara moja, na bebeni kitambulisho cha Bibi na cha watoto, maana kuna nafuu ya umri na wanataka uthibitisho.

Hata hivyo, tramu hiyo ndiyo chumba chenu cha joto chenye dirisha. Inavuka mto mbele ya ukumbi wa tamthilia wa taifa, na ukikaa kulia unaliona Daraja la Charles, na juu yake kasri yote imekaa kilimani. Kisha inapanda mpaka kituo cha Pražský hrad, bila Bibi kupanda ngazi hata moja.

Kasri tuliipa fungu moja tu. Nyuani unaingia bure. Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lilianza kujengwa 1344 na likakamilishwa 1929, na binti yangu akatoa: miaka 585. Tuliishia sehemu ya mwanzo isiyolipiwa, tukatazama vioo vya rangi, tukatoka. Jueni kwamba ndani hakuna joto. Mawe yale yametunza baridi ya miezi, na Bibi alisema nje kuna afadhali. Majira ya baridi majengo yanafungwa saa kumi jioni, kwa hiyo ukitaka tiketi ya kuingia kote itakubidi uianze siku huko huko juu. Kuteremka msitumie ngazi wala ule mtaa wa mteremko kama mawe yameganda. Tulipanda 22 ile ile, tukashuka Malostranské náměstí, na kutoka hapo daraja liko karibu.

Tulikanyaga Daraja la Charles jua likiwa limebakiza kidogo. Lilianza kujengwa 1357, lina urefu wa mita 516 na sanamu 30, nyingi sasa ni nakala, zile za asili zimehifadhiwa. Ipo sanamu ya Jan wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni mwaka 1393 kwa amri ya mfalme. Bamba lililo chini yake linang'aa kwa kushikwa na watu. Sikuwaacha watoto wavue glovu, shaba ile inauma.

Siku za kabla ya Krismasi kuna jambo moja hapo ambalo halilipiwi kitu. Taa za darajani ni za gesi, na jioni anakuja mtu amevaa joho na kofia ya kizamani, ana fimbo ndefu, anaziwasha moja moja kwa mkono. Tulimfuata. Ananyanyua fimbo, anagusa ndani ya kioo, unasikia mlio mdogo wa pumzi, mwanga wa manjano unapanda taratibu kama mtu anayeamka. Mdogo wetu alikuwa begani kwa baba yake, kila taa ikiwaka anasema "nyingine." Nyuma yetu jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima, mbingu nyekundu, maji meusi. Mama alisimama peke yake ukingoni dakika kadhaa. Alikuwa anatia nia ya magharibi, na midomo yake ilikuwa inatoa moshi.

Tulikuwa na nafasi kabla ya treni ya kurudi, na miguu ya wote ilikuwa mizima, kwa hiyo tukapita tena kwenye saa. Uwanja ulikuwa umefurika, mti wa Krismasi umewashwa, watu wamenyanyua simu. Kwa simu zao ilikuwa 17:00. Mifupa ikavuta kamba, mitume wakapita, jogoo akawika. Binti yangu hakuwa anatazama madirisha. Alikuwa anatazama lile duara jeusi la nje, na kile kiganja cha dhahabu kimekaa pale pale alipokuwa anakitegemea.

Akamvuta Bibi mkono wa koti. "Bibi, saa ngapi?"

Mama yangu akakodoa macho juu, hana miwani. "Nisomee wewe."

"Saa moja usiku," akasema.